Waya juu ya mnazi

Leo alasiri, hapa Wete, nimetundika antena ya waya mrefu kwa redio yangu ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu.

Waya mmoja tu, kama mita 20, unaolishwa kwenye ncha. Ncha moja iko dirishani kwenye transfoma ya 49 kwa 1 (inalinganisha waya na redio), nyengine juu ya mnazi. Ni nusu ya wimbi la masafa ya 7 MHz, na inakubali pia 14, 21 na 28. Mlingoti wa chuma kwa chumvi ya bahari hii? Hasha.

(Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, msianze!)

Mkwezi alipokuwa anafunga kamba ya nailoni, bi mkubwa jirani akachungulia: "Yakhe, nguo gani utaanika huko juu?"

Nikamwambia, "Za wageni, bibi. Wanatoka mbali."

Magharibi umeme ukakatika mtaa mzima. Redio yangu inatumia betri ya gari.

Ule mvumo wa chaja na taa za majirani, unaonikera kila siku, ukafa wote kwa mpigo.

Chini yake alikuwapo mtu.

Morse, ile lugha ya nukta na mistari. Sauti nyembamba, lakini kila herufi safi: CQ, CQ, yaani "naita yeyote anayesikia", kisha alama ya kituo cha Japani. Mwili ulinisisimka. Nikabaki namsikiliza tu, kidole juu ya ufunguo wa kugongea Morse, mpaka akaita tena ndipo nikamjibu.

Akanisikia!

Sasa mafundi, kusi likivuma mnazi unayumba kweli kweli. Nyinyi mnafanyaje waya usikatike? Jiwe kwenye kapi, springi, au mnauacha ulegee? Semeni hapa chini.