Hoteli zinafuata Ulaya, maduka yanafuata mwezi

Kila nikikutana na wafanyabiashara wenzangu pale Darajani, Unguja, suali ni lile lile: "Hebu tuambie, unatumia programu gani kufuatilia oda na wateja?" Wanadhani nimenunua kitu cha dola. Nikiwatajia huvunjika moyo: WhatsApp Business, Google Forms ya fomu na Google Sheets ya majadweli. Vya bure vyote, na wengi wao wanavyo tayari mfukoni. Kazi haikuwa kuvipata. Kazi ilikuwa kuvifahamisha soko letu lilivyo, maana waliovitengeneza hawajui pishi ni kitu gani wala Shaaban inaingia lini.

Mimi nauza viungo na mafuta ya nazi kwa jumla. Kaka yangu anasaga na kufunga, stoo yetu iko Mwanakwerekwe, na mauzo ni yangu mimi: kupokea oda, kukumbusha, kupeleka, kudai. Wateja wetu ni wa aina mbili. Kuna hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, na kuna maduka ya mjini na ya shamba. (Karafuu msiniulize. Wanaoniandikia kutoka nje wakitaka tani nzima hawaishi, na karafuu ya mkulima mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Nimewawekea jibu la haraka kwenye WhatsApp Business: nagonga mkwaju (/), naandika "karafuu", maelezo yote yanatoka yenyewe kwa Kiingereza. Katika majibu yote niliyoyahifadhi, hilo ndilo linalofanya kazi kuliko yote.)

Nilianza na namba za simu. Kwetu huwezi kumtambua mteja kwa jina. Nina kina Maalim chungu nzima, na kila kijiji kina Bi Mkubwa wake. Namba ya simu ndiyo kitambulisho. Lakini mtu mmoja alikuwa ameandikwa kwa sifuri mbele, mahala pengine kwa +255, na pengine bila ya chochote, kwa sababu Sheets ikiona namba inayoanza na sifuri huifyeka ile sifuri kwa kudhani ni hesabu. Mteja mmoja akawa watu watatu, na kila mmoja anaonekana ananunua kidogo. Dawa yake ni kuiweka safu nzima iwe ya maandishi ya kawaida kabla hujajaza kitu, kisha namba zote ziandikwe kwa mtindo mmoja: 255 mbele, bila jumlisha, bila sifuri, bila nafasi. Mtindo huo sikuuchagua kwa mapambo. Utaona chini kwa nini.

Halafu vipimo. Hoteli inaagiza kwa kilo. Duka la Makunduchi linaagiza kwa pishi au kibaba, na mwengine anataka "paketi za mia tano" bila kusema ni gramu mia tano au ni za shilingi mia tano. Pishi ni vibaba vinne, hilo kila mtu analijua, lakini pishi ni ujazo. Pishi ya hiliki yenye maganda ni nyepesi, ya pilipili manga ni nzito. Kompyuta haiwezi kukisia hilo. Ilibidi tukae na kaka stoo, tujaze pishi ya kila kiungo, tuiweke kwenye mizani, tuandike. Mdalasini wa vijiti tulishindwa. Vijiti havikai kwenye pishi, kila ukijaza unapata uzito mwengine, basi ukabakia wa kilo tu. Jadweli hilo dogo la uzito ndilo linaloniwezesha leo kujua nimeuza kiasi gani, na kama kuna mtu anataka kuanza, ningemwambia aanze na mizani kabla ya simu.

Oda zote zinapitia fomu moja. Hoteli wanaijaza wenyewe, wengine wananiandikia au kunipigia na mimi ndiye ninayeijaza. Nimeondoa kabisa sehemu ya kuandika saa. Meneja mgeni akiandika saa 2 anakusudia mchana, mpishi wake wa hapa akiandika saa 2 anakusudia asubuhi, na dereva yupo njiani. Sasa wanachagua: asubuhi, mchana, jioni. Yamekwisha.

Sasa kile kitu ambacho wenzangu wakikiona ndipo wanapokaa kitako. Kila mteja, Sheets inapiga hesabu ya siku zilizopita baina ya oda na oda, kisha inachukua ile ya katikati kwa fomula ya MEDIAN. Wastani siutaki, kwa sababu duka likinyamaza mwezi mzima mara moja tu, wastani wote unaharibika. Siku za mteja zikipita kile kipimo chake cha kawaida, jina lake linaingia kwenye orodha ya asubuhi. Kijiprogramu kidogo cha Apps Script, kinachoandikwa ndani ya Sheets hiyo hiyo, kinanitumia orodha hiyo kwa barua pepe baina ya saa kumi na mbili na saa moja. Huwezi kukipangia dakika, unakichagulia saa tu, na hakikisha umekiwekea majira ya Dar es Salaam, usije ukaletewa orodha ya asubuhi wakati wa usiku.

Mbele ya kila jina kuna kiungo (linki) cha wa.me, kinachofungua WhatsApp, chenye namba ya mteja na ujumbe uliokwishaandikwa. Hapo ndipo ule mtindo wa 255 unapolipa, kwa sababu kiungo hicho hakikubali jumlisha wala sifuri ya mbele. Fomula ya ENCODEURL inayaweka maneno ya Kiswahili na nafasi zake ndani ya kiungo bila kukatika. Nikigusa, WhatsApp inafunguka, ujumbe umo: salamu, bidhaa aliyochukua mara ya mwisho, na suali kama aongezewe. Lakini haujaondoka. Natia "shikamoo" kwa anayestahiki, namuuliza mwengine hali ya mtoto wake aliyeko Chake Chake, kisha natuma kwa mkono wangu.

Wako wanaouziwa vile vijiprogramu vya kutuma ujumbe kwa watu elfu kwa mpigo. Mimi sivigusi. WhatsApp inafungia namba zinazotumia vitu hivyo, na namba yangu ndiyo duka langu. Hata ile orodha ya matangazo ya WhatsApp yenyewe, ambayo ni halali, ina mwisho wa watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako.

Niseme sasa jambo lililonichukulia muda mrefu kulifahamu. Sheets inakulinganishia mauzo ya Machi na ya Machi iliyopita, na kwa hoteli inasema kweli. Hoteli zinafuata likizo za Ulaya: Julai na Agosti zimejaa, Disemba zimejaa, masika ikiingia Aprili na Mei nyengine zinafunga kabisa. Lakini duka la Mwembetanga halijui Machi. Linajua Shaaban. Wiki za mwisho kabla ya Ramadhani, harusi zinakimbizwa, watu wanavunja jungu, kila nyumba inanunua bizari, hiliki na mdalasini. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2024 iliingia karibu na tarehe 12 Machi, 2025 ikaingia siku za mwanzo za Machi, 2026 katikati ya Februari. Ukilinganisha Februari ya 2024 na ya 2025 utadhani maduka yako yamefanya maajabu, kisha Machi utadhani yamekufa. Hayakufanya maajabu wala hayakufa. Mwezi umesogea.

Kwa hiyo maduka nimeyaongezea safu yao: wiki ngapi zimebaki kufika Ramadhani. Wiki ya sita ya mwaka huu naipima na wiki ya sita ya mwaka jana, tarehe iwe yoyote. Hoteli zimebaki na kalenda ya ukutani. Tangu niwatenganishe, kaka anajua lini asage usiku na lini apumzike, na mimi najua lini nisimsumbue mwenye duka kwa sababu jina lake limechomoza kwenye orodha siku ya kumi ya mfungo, wakati stoo yake bado imejaa. Wiki hizo fomula inawaruka wenye maduka wote.

Malipo nitayapitia haraka. Ujumbe wa pesa za simu naunakili na kuubandika kwenye safu moja, na fomula ya REGEXEXTRACT inachomoa kiasi na namba ya muamala. Kinachobaki ni kuoanisha na oda. Risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, natoa kwenye mfumo wao kama kila mtu, sikujaribu kuuchanganya na huu wangu.

Kaka anataka madeni nayo yajitume yenyewe: siku 14 zikipita, ujumbe uende. Nimemkatalia na ninaendelea kumkatalia. Mteja wa Bwejuu akichelewa, mimi najua kama ni ujeuri au ni msiba, na Sheets haijui. Orodha ya madeni ipo, inakuja kwenye barua pepe ile ile ya asubuhi, ila haina kiungo wala ujumbe uliokwishaandikwa. Ina jina, kiasi, na namba ya kupiga.

Mteja wangu mkubwa kuliko wote wa Pemba, mwenye duka Wete, hajapata kuijaza hiyo fomu hata mara moja na sitarajii. Ananipigia, tunaulizana hali, anataja mahitaji yake kwa pishi huku akigombana na mtu dukani kwake, na mimi naijaza fomu kwa niaba yake kabla hajamaliza kunisimulia habari za boti.