Namba tisa wa miaka 33

Agosti 2011, siku chache kabla Ligi Kuu ya England haijaanza, tulibaki kwenye banda la mpira Tanga tukibishana kama Didier Drogba, namba tisa (mshambuliaji wa kati) wa Chelsea, ameshakwisha kwa uzee. Msimu wa 2009/10 alifunga mabao 29 ya ligi akabeba kiatu cha dhahabu. Uliofuata akapata 11. Januari Chelsea walikuwa wameshamleta Fernando Torres kwa pauni milioni 50. Vijana wengi pale walishamzika mzima mzima.

Mzee mmoja, namba tisa wa zamani, akamgeukia mwenye banda. "Weka mechi nzima, mwanangu. Mabao peke yake yanadanganya."

Alianza kwa kuugawa msimu kwa miezi. Tarehe 14 Agosti 2010 Drogba aliwapiga West Brom mabao matatu, Chelsea wakishinda 6-0. Uzee hauingii kati ya Agosti na Novemba! Novemba ndipo klabu iliposema ana malaria, na watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa: inakula chembe nyekundu za damu, misuli inakosa hewa ya kutosha, na hata vimelea vikiisha nguvu hurudi kwa kusuasua. Hiyo ni sababu inayopita. Goti lililokwisha halipiti.

Halafu mbio. Mchezaji mzee ile ya kwanza anaikimbia vizuri tu, kwa hiyo mtazame ya pili: anatembea muda gani, mikono kiunoni, kabla hajaweza kurudia? Hapo, mzee alisema, Drogba amepungua kweli, na dawa hakuna.

Mkanda aliotaka urudishwe ni wa Old Trafford, uwanja wa Manchester United, 12 Aprili 2011. Drogba anaingia kipindi cha pili badala ya Torres, mpira unamjia, anautuliza kifuani, anapiga chini, bao. "Tazama kifua," mzee akasema. "Mpira haujamtoka hata kidogo. Ustadi huo hauondoki hata pumzi ikipungua." Hukumu yake: mabao ya ligi hayatarudi, lakini mechi kubwa moja moja mpeni, na msimkimbizekimbize.

Vijana walimpinga mpaka banda likafungwa. Mimi nilikubaliana naye, na namna ile ya kupima ndiyo ninayoitumia mpaka leo kwa washambuliaji.

Ligi ya 2011/12 Drogba aliimaliza na mabao matano. Tarehe 19 Mei 2012, Munich, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Bayern, dakika ya 88, Chelsea wakapata kona yao ya kwanza usiku ule. Mata akapiga, Drogba akatoka kasi kuelekea nguzo ya kwanza, akaruka, kichwa, 1-1. Hatua chache na mruko mmoja, basi. Mwanzoni mwa muda wa nyongeza alirudi kukaba, mguu ukachelewa, akamkwatua Ribéry ndani ya eneo la hatari. Kipa Čech akaupangua mkwaju wa penalti wa Robben, na baadaye, kwenye penalti za kuamua ubingwa, ya mwisho akaja kuifunga Drogba mwenyewe.