Kimbunga Hidaya kilinikuta na wifi mgeni

Jirani yangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, aliniambia vimbunga haviji Tanzania kwa sababu tuko karibu na ikweta. Nikamwamini kwa kuwa nilitaka kumwamini. Nilishalipia vyumba viwili Paje, Unguja, kwa bei ya masika, karibu nusu ya ile ya Desemba, na wifi yangu na wanawe wawili walishashuka stendi ya Magufuli hapa Dar kutoka Dodoma. (Baadaye nikasoma kwamba kimbunga cha 1872 kililaza mikarafuu ya Unguja. Nimemwambia jirani, kanuna.)

Safari yetu ilikuwa Ijumaa, Mei 3, 2024. TMA, watu wa hali ya hewa, walishatangaza Hidaya, mimi nikajitia sijasikia. Gatini tukakuta boti zimefungwa, safari zimesitishwa.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kijana mmoja wa mizigo akanivuta pembeni: "Mama, Kunduchi kuna chombo kinavuka usiku. Elfu hamsini kichwa." Nikapiga hesabu ya vyumba vinavyolala bure, nikamwachia kishika uchumba cha elfu ishirini na kitu, tukabanana kwenye teksi na mabegi magotini.

Kunduchi bahari ilikuwa imetulia, nikajiona nina akili. Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza chombo cha usiku kiko wapi. Hakujibu. Akanyoosha ile sindano yake kuelekea minazini. Ngalawa zote zilikuwa kule juu, mbali kabisa na alama ya maji kujaa, zimefungwa kamba mbili mbili, matanga yamevuliwa.

"Hizo ni za watu wenye njaa, mwanangu," akasema. "Mwenye njaa akishapandisha chombo, wewe mwenye mshahara unakwenda wapi?"

Wifi alicheka mpaka akakaa mchangani. Nikampigia yule kijana. Hapatikani mpaka leo.

Jumamosi Hidaya ikafika Mafia, kisha ikapoteza nguvu. Sisi tulipata upepo, mvua na giza. Wenzetu wa kusini barabara ya Lindi ilikatwa na maji. Kama ungekuwa kisiwani siku kama hiyo, kaa ndani, mbali na ufuko na minazi, na maji ya kunywa uwe umeyaweka mapema.

Hoteli walikataa kurudisha hela. Nilibembeleza, nikafoka, wapi. Ndipo nikagundua: usiombe hela irudi, omba tarehe isogee. Niliwatumia picha ya tangazo la TMA na ya tiketi za boti, nikaandika neno moja tu, "Jumanne?" Wakakubali kabla ugali haujaiva.

Asubuhi ya kwanza Paje, kama saa nne, nikasikia yowe. Wifi ameshika watoto mikono, anakimbilia barabarani: "Wifi! Bahari imeondoka! Tsunami!"

Kwa kweli imeondoka, mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba. Mwezi ulikuwa unaandama, bamvua hilo, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Mashariki ya Unguja maji yakipwa hivyo unatembea mpaka uchoke. Nikamwambia maji kupwa yanaondoka polepole, kwa saa sita hivi, kila siku. Ya kukimbia ni yale yanayotoweka kwa dakika chache wakati si wake, hasa ardhi ikiwa imetikisika. Sikumcheka sana. Desemba 26, 2004 mawimbi ya tetemeko la Sumatra yalifika hadi kwetu Dar na kuua waliokuwa wakiogelea. Na tetemeko la Agosti 2020 lilianzia baharini, jirani zangu wote tulikuwa nje usiku tunaangaliana.

Hakuniamini. Akamfuata mama mmoja aliyekuwa ameinama kwenye mwani wake, maji kifundoni, akamuuliza kama bahari itarudi.

"Itarudi alasiri, dada," yule mama akasema. "Hebu nishikie kamba hii kwanza."

Alimshikia mpaka saa saba.