Asidi iliyonifaa katika bafa ya kupimia floraidi

Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi itokayo kwenye miamba ya volkano, na kwa sisi tunaoyapima hapa Arusha, namba isiyo sahihi huishia kwenye meno ya mtoto wa mtu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Naandika haya kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea wiki mbili na dawa za maabara za shilingi elfu themanini hivi, na bado nausikia ukitolewa kwa wengine.

Elektrodi ya floraidi, yaani kijiti cha mita kinachotumbukizwa majini, huzihesabu ioni zilizo huru tu. Katika pH ya chini (asidi nyingi) floraidi hushikamana na haidrojeni ikawa haionekani; katika pH ya juu haidroksaidi huidanganya elektrodi. Kwa hiyo bafa yake, yaani mchanganyiko unaoizuia pH isiyumbe, hutakiwa kuwa kati ya 5.0 na 5.5.

Bafa ilikuwa imetuishia. Mwenzangu aliyenitangulia kazini akaniambia, "Mdogo wangu, asidi ni asidi. Dondosha hidrokloriki mpaka mita isome 5, basi." Nilimsikiliza. Chupa ya kwanza ya maji ya visima niliipima kwa makini hadi 5, kisha chupa kumi zilizobaki nikazipa idadi ileile ya matone bila kuzipima pH, nikisahau kwamba kila kisima kina bikabonati yake inayomeza asidi, na kwamba bikabonati ikishaisha, tone moja tu huiporomosha pH. Kisima kimoja cha upande wa Maji ya Chai kilisoma 2.4, nasi tukampelekea mwenye nacho jibu hilo.

Sikupata usingizi mzuri. Kesho yake niliongeza kwenye maji hayo floraidi ya kiasi nilichokijua, na mita ikanirudishia karibu nusu tu. Nilipotumbukiza elektrodi ya pH ilisoma 3.2. pKa, yaani pH ambayo nusu ya asidi huwa imeachia haidrojeni yake, ya asidi ya hidrofloriki ni 3.17, maana yake nusu ya floraidi ilikuwa imejificha mbele ya macho yangu.

Nikajaribu fosforiki, kwa kuwa ilikuwepo stoo. Lakini bafa huishikilia pH vizuri karibu na pKa ya asidi yake tu; pKa mbili za kwanza za fosforiki ni 2.15 na 7.20, na 5.2 niliyoilenga iko mbali na zote mbili. Nilipochanganya bafa hiyo na maji ya kisima kwa ujazo sawa, pH ilipanda hadi 6.1. Asidi ya benzoiki, yenye 4.20, ingekaribia, lakini lita moja ya maji baridi huyeyusha gramu tatu na kidogo tu. Asetiki ina 4.76, na huyeyuka bila shida.

Mwenzangu hakukubali kwa maneno, nikamwonyesha. Nilichukua asidi ya asetiki mililita 50, nikaitia matone ya fenoftalini, dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha, nikaachia sodiamu haidroksaidi kutoka kwenye bureti hadi rangi ya waridi ilipogoma kuondoka. Kisha nikamimina mililita 50 nyingine za asidi ileile ambayo haijaguswa. Rangi ikapotea, na mita ikasimama kwenye 4.7, bila kupiga hesabu yoyote: asidi iliyobaki na chumvi yake zikiwa sawa, pH huwa ndiyo pKa. Nikadondosha hidrokloriki yake, matone matano, na namba haikusogea. Alinyamaza, akavuta kiti.

Tulitengeneza lita moja: asetiki kali mililita 57, chumvi safi ya sodiamu kloraidi gramu 58, CDTA (kemikali inayokamata metali) gramu 4 ya kuipokonya aluminiamu floraidi iliyoikamata, na haidroksaidi iliyoongezwa polepole, bika ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, hadi 5.2. Usipoipoza, joto litakudanganya usomaji.

Chupa zote kumi na moja nilizipima upya. Ile ya Maji ya Chai ilisoma 4.6. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mama mwenye kisima, na tangu siku hiyo wajukuu wake wanakunywa maji ya mvua.