Wavu wa ndege si wavu wa perege

Kutoa samaki kwenye wavu nilijua kabla ya kusoma. Nimekulia Nguruka, baba mvuvi. Ndiyo maana watafiti walipotafuta vijana wa kuwasaidia kuvisha ndege pete za utambulisho mguuni kwenye ardhioevu ya Malagarasi, nilijitokeza kifua mbele. Wavu ni wavu, bwana.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshasimamisha nyavu kando ya matete. Nyuzi zake nyembamba mno, zimelegezwa zikafanya mifuko. Ndege akigonga anadondokea humo. Kila baada ya muda mfupi tunapita kukagua, maana jua likimkuta amenasa anaweza kufa.

Wangu wa kwanza alikuwa mnana. Nikamsukuma mbele kama perege aliyenasa mashavuni. Akazidi kujifunga, kisha akanidonoa pembeni ya ukucha, nikatoa neno ambalo mama hakunifundisha.

"Mdogo wangu, acha!" Dada aliyekuwa anatuongoza akaja mbio. "Huyu hatoki mbele. Anarudi alikoingilia."

Kumbe unaangalia kwanza aliingilia upande gani, unafungua miguu, halafu mbawa, kichwa mwisho. Shingo unaipitisha kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukalala kiganjani. Kifua hukibani kabisa, ukikibana hapumui. Mikono yangu ilikataa kuelewa hadi yule wa nne.

Kisha nikapata mbayuwayu, mmoja wa wale wanaokuja huku Ulaya ikiwa na baridi. Ndani ya kifuko cha kitambaa, mizani ilisoma gramu 18. Perege mdogo kuliko wote niliowahi kurudisha mtoni alimzidi. Nikamvisha pete ya alumini, nikaibana kwa plaizi yenye matundu mpaka ncha zikakutana, nikahakikisha inazunguka bila kukwaruza. Dada akanisimulia kuhusu mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911: Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika Kusini, akiwa bado na anwani ya London mguuni. Nilipofungua kiganja, wangu alikaa kidogo, kama aliyesahau kwamba yuko huru. Kisha huyo!

Nyumbani nilimkuta baba anaziba matundu ya wavu wake.

"Mmepata wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Wako wapi?"

"Tumewaachia."

Akanitazama kwa muda, akarudi kwenye wavu wake.