Msalaba hadi Msalaba: Kuvuka Pasi ya Tjäktja Katika Weupe Mtupu

Njia ya skii (vile vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji) ya majira ya baridi haipo ardhini. Kwetu njia ni kitu kilichokanyagwa: ukiipoteza, unainama, unatafuta nyayo. Kaskazini mwa Uswidi mwezi Machi, upepo hufuta nyayo zako kabla mwenzako wa nyuma hajazifikia. Kinachobaki ni alama zilizo juu ya theluji, ramani, dira, na nidhamu ya kutoiacha alama moja kabla ya kuipata nyingine. Nidhamu hiyo niliiona ikifanya kazi saa baada ya saa siku tulipovuka pasi ya Tjäktja, yaani mwanya wa kuvukia kati ya milima, kwenye Kungsleden, njia ndefu ya safari za miguu na skii, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kungsleden ni njia mbili zenye jina moja. Ile ya kiangazi imepigwa rangi kwenye mawe na kuwekewa marundo ya mawe. Ile ya baridi ina misalaba myekundu juu ya nguzo, kila baada ya mita 40 hivi, yaani takriban misalaba 25 kwa kilomita. Sehemu nyingi zinakwenda bega kwa bega, kisha zinaachana: ya baridi inakata moja kwa moja juu ya maziwa na vinamasi vilivyoganda, na hukwepa miteremko inayoweza kumwaga theluji, wakati ya kiangazi inapita ubavuni mwa mlima. Anayepakua mstari wa kiangazi kwenye simu na kuufuata mwezi Machi anaweza kupelekwa chini ya mteremko ambao waliopanga misalaba waliukwepa makusudi.

Mwishoni mwa Machi huo tulikuwa wanne: mwenyeji wa mji wa Kiruna aliyetuongoza, mumewe, mimi, na kaka mmoja wa Mombasa aliyehamia Uswidi miaka mingi. Tulitoka Abisko, tukalala kwenye vibanda vya wasafiri vya Abiskojaure na Alesjaure, halafu kilomita 13 hadi kibanda cha Tjäktja. Kutoka hapo hadi Sälka ni kilomita 12, na katikati ndipo ilipo pasi, sehemu ya juu kuliko zote kwenye Kungsleden, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Kazi ya kutafuta njia ilianza mezani usiku. Kiongozi alikata safari vipande vifupi, na kwa kila kipande akaandika mambo matatu kwenye karatasi aliyoitia mfuko wa plastiki: uelekeo kwa digrii, umbali, na muda. Kwa mtu anayevuta sledi, chombo cha kuburutia mizigo juu ya theluji, alihesabu kilomita 3 kwa saa penye tambarare na 2 penye kupanda. Kisha akapima miteremko. Kwenye ramani ya 1:50,000 yenye mistari ya kimo kila mita 20, nafasi tano za mistari zikibanana ndani ya milimita tatu na nusu, mteremko huo una digrii 30, na kuanzia hapo theluji inaweza kuporomoka. Aliipaka sehemu hizo penseli, pamoja na tambarare iliyo chini yake, kwa sababu maporomoko hayasimami mteremko unapoishia. Watu wengi hukumbuka kuukwepa mteremko, wakapumzika chini yake kunywa chai.

Digrii alizoandika zilikuwa zimesahihishwa tayari. Eneo lile sindano ya dira huelekea mashariki ya kaskazini halisi kwa digrii 9 hivi. Kila digrii moja ya kosa inakutoa mita 17 nje ya mstari kwa kilomita, kwa hiyo ukisahau hizo tisa umekwenda pembeni zaidi ya mita 150 kwa kilomita moja. Hiyo ni karibu mara nne ya nafasi kati ya msalaba na msalaba. Dira yenyewe aliivaa shingoni na kuishika mbali na simu na kisu wakati wa kusoma.

Utabiri uliobandikwa kibandani ulisema nyuzi 12 chini ya sifuri, upepo wa kusini ukifika mita 12 kwa sekunde alasiri. Kwa ngozi iliyo wazi hiyo ni sawa na nyuzi 24 chini ya sifuri. Tulikuwa tunakwenda kusini, usoni mwa upepo, na hilo lina uzuri wake: ukiamua kurudi, upepo unakusukuma. Tukakubaliana kwamba ikifika saa tano asubuhi hatujafika kwenye kibanda cha mapumziko kilicho juu ya pasi, tunageuka bila mjadala. Makubaliano hayo hufanywa asubuhi, watu wakiwa na joto. Ukiyaacha hadi juu, aliyechoka zaidi ataona haya kusema.

Weupe ulitukuta mapema kuliko utabiri. Si giza, mwanga ni mwingi, lakini hauna kivuli. Mawingu na theluji vina rangi moja, hujui kama ncha ya skii inapanda au inashuka, na mwili bila kujua huanza kufuata mteremko kwenda chini. Tuliona mita 25 hivi. Msalaba uliofuata ulikuwa mita 40.

Kiongozi alitoa kamba nyembamba ya mita 40. Utaratibu ulikuwa hivi. Watatu wanasimama kwenye msalaba, mmoja wao ameshika ncha ya kamba. Wa nne anafungwa ncha ya pili kiunoni, anasoma dira, anakwenda. Upepo unameza sauti, kwa hiyo tulitumia mivuto: mmoja simama, miwili njooni, mitatu narudi. Akiuona msalaba anaugusa kwanza, ndipo anavuta mara mbili. Kamba ikiisha hajauona, anaikaza na kutembea upinde kushoto, kisha kulia. Msalaba ukiwa umefukiwa na theluji ukabaki urefu wa goti au umevikwa barafu upande wa upepo, lazima apite karibu nao. Kila msalaba ulichukua dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo kilomita moja ilikula saa nzima.

Zamu yangu ya kutangulia ilipofika, kaka yule ndiye aliyeshika kamba. Hatua za mwanzo nilimsikia bado:

“Dada, unauona?”

“Bado!”

Kamba ikakaza. Kushoto hakuna, kulia hakuna. Msalaba ulikuwa umeanguka. Hapa ndipo wengi husema “lazima uko mbele kidogo,” wakafungua kamba. Tulifanya vingine. Nilisimamisha fimbo yangu ya skii mwisho wa kamba, kwenye mstari wa dira. Yeye akanifuata hadi kwenye fimbo. Wawili wakabaki kwenye msalaba uliojulikana, wakipuliza filimbi kila nusu dakika. Kutoka kwenye fimbo nikaenda urefu mwingine wa kamba. Mita 35 hivi mbele, msalaba ukajitokeza. Mnyororo haukukatika hata mara moja, na kama nisingeupata, njia ya kurudi ilikuwa wazi.

Katikati ya pengo hilo ulipita mkondo ulioachwa na pikipiki ya theluji, msafi, mgumu, ukielekea magharibi. Skii ingeteleza juu yake kwa raha. Kiongozi aliuvuka bila kugeuza kichwa, na alikuwa na haki. Mkondo mbichi unakwambia kitu kimoja tu: kuna mtu amepita karibuni. Huenda ni mfugaji Msaami, wa jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini, anayefuata kulungu wake wa kufugwa, au mvuvi anayekwenda ziwani kwake, na mashine hupanda mahali ambapo mwenye skii na sledi hafiki. Naamini mikondo hii hupotosha watu kuliko ukungu wenyewe, kwa sababu inampa mtu aliyechoka kile hasa anachokitamani.

Tulifika kibanda cha pasi kabla ya saa tano. Si pa kulala ila kwa dharura. Kuna benchi, jiko la kuni na mlango unaofunga, vinatosha. Tulibadilisha glavu za ndani zilizoloa na kunywa chai. Simu zilikaa kifuani, si mfukoni nje, kwani baridi hushusha betri ghafla. Kifaa cha GPS kiliwashwa mara moja kuthibitisha tulipo, kikazimwa.

Upande wa kusini wa pasi una mteremko mkali kidogo mwanzoni. Hatukuzibandua ngozi za kupandia, zile tepe zinazobandikwa chini ya skii zisiteleze kurudi nyuma, ili zitupunguzie mwendo, tukapitisha kamba chini ya matumbo ya sledi zikwaruze theluji, na aliyetangulia alirusha bonge la theluji mbele kila baada ya hatua chache. Likitua na kuonekana, ardhi ipo. Likitoweka, kuna ukingo. Tulishuka kwa kukata mshazari, hakuna aliyenyoosha.

Chini bondeni Tjäktjavagge wingu lilinyanyuka. Misalaba ikaonekana mitanomitano mbele, kamba ikarudi mfukoni, na tambarare ndefu hadi Sälka ikawa kazi ya miguu tu. Hata hivyo kiongozi aliendelea kuilinganisha ramani na mabonde ya pembeni kila nusu saa, ili ukungu ukirudi awe anajua tulipo kwa dakika hiyo.

Sälka tulimweleza msimamizi wa kibanda mahali msalaba ulipoanguka, tukihesabu misalaba kutoka kibanda cha pasi kwenda kaskazini. Aliandika, akawaeleza jioni ile ile waliokuwa wanaelekea Tjäktja kesho yake. Sisi tukachukua ndoo kwenda kuchota maji kwenye tundu la barafu, wengine wakapasua kuni, kama ilivyo desturi ya vibanda vile.