Daftari la makande

Leo Jumamosi nimeshinda Pasua, hapa Moshi, na daftari kwapani, mlango kwa mlango, nadai mahindi ya chakula cha shule. Mbwa wawili wamenikimbiza, na mzee mmoja kanikaribisha mbege, pombe ya ndizi, saa tatu asubuhi. Nimeshukuru tu.

Mpaka juzi daftari hili lilikuwa kwa mwalimu wa darasa la nne. Jumatatu nilipeleka debe langu la mahindi shuleni nikakuta watoto kwenye foleni ya makande. Mmoja yuko bombani anasuuza bakuli. Analisuuza, analikung'uta, analisuuza tena. Bakuli lilishatakata zamani. Kwao hawajachangia, basi anavuta muda mpaka wenzake wamalize. Mwalimu akamwita, akamgawia nusu ya sahani yake, hakusema neno. Jioni mwalimu huyohuyo ndiye aliyekwenda kumdai mama wa mtoto, akarudi ameogeshwa matusi: "Si mlisema elimu bure?"

Bure ni kweli. Tangu Januari 2016 kuna mpango wa elimu bila ada, na serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Hiyo ni ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati. Hata ukiigeuza yote chakula, igawe kwa siku za masomo uone kama inafika andazi. Mahindi tulikubaliana wenyewe kwenye kikao cha wazazi, tukanyoosha mikono, kisha kazi ya kudai tukamtupia mwalimu. Mimi nikiwemo. Mchana afundishe kuzidisha, jioni awe mgambo! Mzazi mwenye deni akimwona njiani anakata kona. Maendeleo ya mtoto atayaulizia wapi?

Ndiyo maana nikaliomba daftari.

Kwa yule mama nilifika saa kumi, nimejiandaa kuogeshwa na mimi. Alikuwa ndiyo kwanza katoka soko la Mbuyuni, karai la ndizi limerudi karibu kama lilivyokwenda. Akanipa kigoda. Akauliza kama mwalimu bado ana hasira. Nikamwambia hajalitaja hilo. Akanyamaza, akawa anapanga ndizi zake upya, zilizoiva huku, mbichi kule.

"Dada, mahindi sina mpaka nivune. Mikono ninayo. Mpishi wenu anaanza saa ngapi?"

Daftari lina safu mbili tu, mahindi na maharage. Nimemwandika pembeni: Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi.